Prosesa Niliyomchagulia Mzee Kinyanjui

Jumatatu, 3 Februari 2025

Stima ilipotea jana, kisha ikarudi kwa hasira. Leo mashine ya kukata unga uliokandwa haiamki. Kiwanda chetu cha mikate hapa Kabiria kina mashine tatu, lakini hiyo ndiyo mama yao. Isipokata, hakuna cha kuoka. Nilifungua sanduku lake la umeme. Harufu ya plastiki iliyoungua! Prosesa, ule ubongo unaosoma sensa zote, vile vifaa vya kuhisi, na kuziambia mota lini zizunguke na lini zisimame, imekufa.

Mzee Kinyanjui, mwenye kiwanda, alituita ofisini, mimi na Awuor. Mafundi wa umeme ni sisi wawili tu. Alisema prosesa za aina ile hazitengenezwi tena, kwa hivyo tumchagulie nyingine kufikia Alhamisi, kila mtu na pendekezo lake. Halafu akaongeza, macho yakiwa dirishani, kwamba bado hajapata fundi mkuu.

Fundi mkuu! Fidel Were, Fundi Mkuu. Nimeliandika jina hilo mara nne nyuma ya daftari hili. Linapendeza.

Awuor ana miaka ishirini na sita na diploma. Mimi nina arobaini na mmoja na uzoefu. Uzoefu wa prosesa sina, lakini uzoefu ni uzoefu.

Jumanne, 4 Februari

Awuor ameshinda akihesabu waya. Waya! Thelathini na nane zinaingia, ishirini na nne zinatoka. Nilimuuliza kwa nini asichague tu prosesa kubwa tumalize. Alinijibu kwa adabu, jambo lililoniudhi zaidi. Eti huchagui kwa ukubwa wa sanduku. Unauliza itabeba waya ngapi, kumbukumbu yake inatosha programu yetu, inafanya kazi kwa kasi gani, na itaelewana na moduli zilizobaki, vile visanduku vya kando yake? Nilitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa mambo ya zamani. Sikuwa nimejua hata moja.

Mwongeli alituletea chai. Huu ni mwaka wake wa tisa kwenye mashine hiyo. Alisema yeye anataka kitu kimoja tu: akifungua kifuniko, visu visimame. Unga hukwama kila siku. Yeye hufungua, visu husimama, anautoa kwa mkono. Awuor aliandika hilo pia. Mimi nilikuwa nakula mkate.

Jumatano, 5 Februari

Mpango umefaulu! Awuor alienda kunawa mikono, akaacha daftari lake wazi mezani na kikombe cha chai juu yake. Sikugusa kikombe. Mtu mwerevu haachi alama. Nilipiga picha tu. Ukurasa mzima wa prosesa, na moja imezungushiwa wino mwekundu mara mbili. Chaguo lake!

Nilikimbia mjini. Kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja, Mwau anauza vifaa vya viwandani vilivyokwisha kutumika. Alikuwa nayo, ile ile! Aliniuliza programu yetu ina ukubwa gani. Nikasema ni kubwa.

"Kubwa kiasi gani, boss? Hii ni ya kitambo kidogo."

Nilimwambia fundi ni mimi. Akaifunga kwa gazeti.

Alhamisi, 6 Februari

Saa mbili kamili nilikuwa mbele ya Mzee Kinyanjui, prosesa mkononi. Awuor akaja na karatasi. Karatasi! Ya kwake ni prosesa nyingine kabisa, na itachukua wiki tatu kufika kutoka ng'ambo. Mbona nyingine?

Awuor akasoma nambari ya yangu. "Were, hii niliikataa," alisema. "Niliizungushia nyekundu ndio nisije nikaichukua kwa makosa. Kumbukumbu yake haitoshi."

Neno HAPANA lilikuwa chini ya kikombe.

Mzee Kinyanjui alinigeukia, akauliza: itatosha au haitatosha? Maduka ya Kilimani yalikuwa yamempigia simu tangu alfajiri yakidai mikate. Nilimwona Awuor ananitazama. Hapo ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi.

Nilisema itatosha.

Jumamosi, 8 Februari

Haitoshi.

Kila nikiipakia programu, prosesa inaikataa. Mzee alikuwa anagonga mlango kila robo saa akiuliza kama tumefika. Nilimwambia tumekaribia. Awuor alikuwa off. Afadhali!

Saa sita mchana nikapata wazo. Programu ni ndefu mno, basi ipunguzwe. Nilianza na mistari nisiyoielewa. Nilifuta ile ya kuhesabu mikate, tuna vidole vya kuhesabia. Nikafuta ile ya king'ora. Ikakataa. Nikafuta kipande kingine, na kingine. Mara ya nne ikakubali! Mashine ikanguruma, unga ukakatika, wafanyakazi wakapiga makofi. Mzee Kinyanjui alinishika mkono mbele ya wote, akanipa ovaroli mpya ya fundi mkuu.

Nyumbani, Nanyama mke wangu aliniuliza nilichofuta kilikuwa nini. Nikamwambia ni mapambo. Akauliza ni nani hupamba mashine kwa ndani.

Jumanne, 11 Februari

Siku ya tatu, hakuna tatizo. Awuor ameomba aikague programu. Nimemwambia fundi mkuu ana shughuli nyingi, aje Ijumaa.

Jumatano, 12 Februari

Saa nne asubuhi unga ulikwama. Mwongeli alifungua kifuniko kama alivyofungua kwa miaka tisa. Visu havikusimama.

Vidole viwili: cha shahada na cha kati. Mkono wa kulia.

Nilikuwa karibu. Nilizima swichi kuu, nikaufunga mkono kwa aproni yake, nikambeba hadi kwenye gari la Mzee. Safari hadi hospitali ya Parklands haikuisha. Magari, magari. Mwongeli alisali kwa Kikamba njia nzima. Aliacha mara moja tu, kuuliza kama mashine imezimwa, asije akaumia mwingine.

Walipokuwa wanamwingiza ndani alinishika shati kwa mkono wa kushoto. "Asante, Were. Ungekuwa mbali ningemalizika pale."

Nilisema, "Pole, dada."

Hayo tu ndiyo niliyosema.

Alhamisi, 13 Februari

Nilikuwa nimeandaa maelezo: stima. Stima ilikuja kwa nguvu, prosesa ikachanganyikiwa, mkono wa mtu haumo. Niliyakariri nikioga. Yalikuwa mazuri.

Awuor aliwasha kompyuta mezani kwa Mzee. Upande mmoja programu ya zamani, upande mwingine yangu. Akaonyesha kwa kalamu pengo. Pale ndipo palipokuwa na mstari wa kifuniko. Nilianza: "Stima, Mzee..." Mzee akainua mkono, nikakoma.

Aliniuliza kama nilijua ninachofuta. Nikasema hapana. Akauliza, basi mbona nikafuta?

Mzee Kinyanjui alifunika uso kwa viganja. Alisema alimsikia Awuor na akachagua kutomsikia, kwa sababu ya haraka. Kisha akachukua simu, akawaita wakaguzi wa kazi yeye mwenyewe. Nilidhani angeificha ajali. Mimi ningeificha.

Nilivua ovaroli pale pale. Awuor hakucheka. Nilimwangalia sana, hakucheka.

Jumapili, 23 Februari

Nilienda kumwona Mwongeli kwake, na machungwa. Binti yake Mukai alifungua mlango, akaniangalia, hakunisalimu. Mwongeli alikuwa mezani akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Daftari la watoto, lenye mistari mipana. Jina lake, ukurasa mzima, limeinama kila upande.

Alikuwa amekwisha kuambiwa. Hakupaza sauti.

"Ungesema tu hujui, Were. Hakuna mtu angekucheka."

Nilisema Awuor angenicheka.

"Awuor? Awuor angekufundisha."

Aliniomba nimmenyee chungwa. Nilimenya. Sikuweza kumtazama akilila. Niliaga, nikakaa kwenye ngazi za ploti yao, nikalia hadi mama mmoja aliyepita na ndoo akaniuliza kama nimefiwa. Nimeapa kutosema uongo tena. Nimeapa kwa sauti, yule mama ni shahidi.

Jumanne, 4 Machi

Kilimani! Jengo la fleti, ghorofa kumi na moja. Prosesa ya lifti imeungua na wanatafuta fundi wa kuwachagulia nyingine na kuifunga. Tulikuwa watano kwenye foleni. Mwenye tai alikuwa mimi peke yangu.

Meneja wao anaitwa Debra. Mpole, ila amechoka. Alinieleza kwamba ghorofa ya tisa kuna nyanya mmoja hajashuka chini tangu wiki jana, na ghorofa ya sita kuna watoto pacha. Nilisikitika sana. Kwa dhati.

Akaniuliza kama nimewahi kushughulikia lifti.

Nikasema, miaka sita.

Akaandika. Akauliza kama ningeweza kuimaliza kufikia Jumatatu. Yule aliyenitangulia alikuwa ameomba wiki mbili, eti kwanza aisome programu ya milango.

Nikasema Ijumaa.