Kibao cha Mharibifu wa Vitenzi

Jumatatu, 6 Mei

Mkuu wa idara ya Kiingereza kastaafu. Ofisi yake iko wazi: feni, kabati lenye ufunguo, dirisha la kutazama bustani. Mwalimu mkuu atatangaza mrithi Ijumaa. Tumebaki wawili, mimi na Shemeji, mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa. Na hizi ndizo shukrani zake.

Udhaifu wake naujua. Vitenzi! Vile vya Kiingereza visivyofuata utaratibu vinamtoa jasho. Juzi, mezani kwangu, alitamka "I have drank". Kanywa chai yangu, kaniharibia kitenzi, kaomba kikombe kingine.

Leo kikaoni nimetoa hoja. Wanafunzi wakikosea Kiingereza huvishwa kibao shingoni, basi na sisi walimu tuvae. Atakayeharibu kitenzi katika ofisi ya walimu atakivaa kokote aendako, hata nyumbani, mpaka amnase mwingine amvishe. Hakuna rufaa. Hilo la rufaa nimelichomeka mwenyewe, macho kwa Shemeji. Mwalimu mkuu aliguna, akasema tujaribu. Fundi seremala alishamaliza kazi tangu jana. Mbao ngumu, rangi nyekundu: MHARIBIFU WA VITENZI.

Jumanne, 7 Mei

Nimemtegea Shemeji. Nikamwomba atusimulie, kwa Kiingereza, jinsi alivyofika mjini mara ya kwanza. Kibao nimekishika chini ya meza. Akasimulia yote kwa wakati uliopo, kana kwamba ndiyo kwanza anashuka kwenye basi. Mjanja! Wengine wakadaka. Kufikia mchana, katika ofisi nzima hakukuwa na jambo lililowahi kupita. Mwalimu wa kemia kaeleza mazishi ya babu yake. Mzee wa watu alifariki zamani, lakini kwetu bado anazikwa.

Saa ya chai kikombe changu hakipo. Kikombe chenye jina langu! Damu ikanipanda. Nikafoka: "Who has took my cup?" Kisha mikono ikanyooshwa, meza moja baada ya nyingine.

Nikawaeleza kwamba huo ulikuwa mfano wa kosa, kwa faida yao. Wakanikumbusha habari ya rufaa. Shemeji ndiye aliyenifunga kamba. Akaniuliza kama inanibana.

Jumatano, 8 Mei

Nimefundisha na kibao kifuani. Darasa zima lilijikaza lisicheke. Afadhali wangecheka.

Lazima nikivue kabla ya Ijumaa. Nani atampa ofisi mtu mwenye kibao? Nikakaa ofisini, sikio wazi. Hakuna aliyefungua mdomo. Mwalimu wa hesabu kaomba chaki kwa vidole. Chai wamehamishia uani, ambako sheria yangu haifiki, wanapiga soga kwa Kiswahili na kuvunjika mbavu. Nikawafuata. Wote wakakumbuka wana vipindi.

Mke wangu kaniuliza nani kanifanyia hivi. Nikamwambia ni mdogo wake. Akasema mdogo wake hata msumari hajui kupiga, kibao angekitoa wapi. Siku zote yuko upande wa ndugu zake.

Alhamisi, 9 Mei

Nimejibanza nyuma ya kabati la ofisini nikimsubiri atakayeteleza. Kibao kikagonga kabati. Mhasibu, aliyekuwa akitafuta faili, kapiga kelele, kamwaga wino. Kelele zenyewe hazikuwa na kitenzi.

Baadaye Shemeji kaja peke yake, kaketi karibu yangu. Kanong'ona kwa Kiswahili kwamba yuko tayari kukosea makusudi ili nimvishe, nikapumzike, kesho nisimame mbele ya mwalimu mkuu nikiwa sawa. Eti mimi ni shemeji yake, aibu yangu ni yake. Nilikuwa nimeshashika fundo la kamba, nakiri. Halafu nikashtuka. Ananionea huruma! Nikamwambia sitaki kosa la msaada. Nataka akosee kwa haki. Akanitazama, akaondoka.

Ijumaa, 10 Mei

Kapewa yeye.

Mwalimu mkuu kasema idara inahitaji mtu ambaye wenzake wanaweza kuongea mbele yake. Kayasema yote hayo kwa wakati uliopo. Hata yeye! Walimu walipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Nami nilipiga. Kibao kilikuwa kikidunda kifuani.

Roho inaniuma. Naliandika hili mara moja tu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekaa sebuleni tangu asubuhi bila kula. Mke wangu kaleta chai, kaiweka taratibu, kashika bega langu. Kisha akasema kwa Kiingereza. Mke wangu! Kumbe miezi yote hii, nikitoka kwenda kazini, amekuwa akijisomea karatasi zangu za zamani, ili siku moja tuongee. "You have fought well," akasema. Sahihi kabisa. Machozi yalinilenga. Akaendelea: "They have chose badly."

Nilikuwa nimeshafungua kamba kabla hajamaliza.

Hatimaye shingo nyepesi! Nikamweleza kwamba kosa ni la kawaida, asijisikie vibaya, na kwamba sebule ya mwalimu ni ofisi ya mwalimu. Aliangalia maandishi ya kibao kifuani kwake, akachukua mkoba, akatoka nacho hivyo hivyo barabarani.

Jumapili, 12 Mei

Nyumba kimya. Chai nimejipikia. Haina ladha.

Shemeji kapiga simu. Kasema dada yake yuko kwake, hali chakula wala hasemi neno, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Kasema niende leo nikamwombe radhi, bado atanisikiliza. Nikamjibu nitakwenda, ila kwanza anihakikishie kama kibao kiko salama, maana ni mali ya shule. Akakata simu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimepita kwa fundi seremala. Safari hii atengeneze viwili, kimoja kibaki nyumbani.