Misa ya Mwandishi wa Kamituga

Jumamosi, 10 Februari
Mwezi wa historia ya watu weusi katika maktaba ya parokia. Kila mmoja atasimulia kitabu cha mwandishi mweusi. Atakayeshinda atapewa ufunguo wa maktaba, awe msaidizi wa mzee anayeitunza, Papa Zagabe. Nautaka ufunguo ule! Tangu nipate diplome ya sekondari ninachambua maharage tu. Na kazi ambayo watu wanakatazwa kuongea iliumbwa kwa ajili yangu.
Shida: mshindani wangu Yolande ameazima vitabu vyote vya waandishi weusi. Vyote vinne! Zimebaki rafu tatu za vitabu vya mapadri wa Ubelgiji.

Jumatatu, 12 Februari
Wazo! Nitabuni mwandishi. Mushagalusa, wa Kamituga, kule machimboni. Kitabu chake: maisha ya bibi yangu, aliyetwanga mawe ya dhahabu huku mtoto yuko mgongoni. Nani atakwenda Kamituga kuhakikisha, kwa barabara ile?

Jumamosi, 17 Februari
Nilisimulia nikitazama viatu vyangu. Nilipofika pale mwanamke anapoficha punje ya dhahabu kwenye unga ili binti yake asome, Papa Zagabe alivua miwani, akaifuta. Yolande akauliza: Nsimire, ma chère, mpenzi, na kitabu yenyewe iko wapi? Nikasema ilikuwa nakala moja, imeliwa na mchwa. Akasema: basi tumwandikie mwandishi! Nikasema amekufa.
Wote wakafanya ishara ya msalaba. Hata Yolande.

Jumapili, 18 Februari
Balaa. Papa Zagabe amemwombea misa! Padri alitangaza: kwa ajili ya marehemu Mushagalusa, aliyeandika juu ya mama zetu wanaotwanga mawe. Bibi, kando yangu, akaninong'oneza: huyo alijuaje mambo yetu? Hakuna aliyewahi kutuuliza.
Akamsalia rozari nzima. Mimi nilitazama sakafu. Miaka kumi na minane ninaishi na bibi, sikuwahi kumwuliza. Niliokota vipande tu, alipokuwa akiongea na majirani. Kesho nitasema ukweli.

Jumatatu, 19 Februari
Nilifungua mdomo. Papa Zagabe akaniwekea ufunguo mkononi, akauliza kama marehemu aliacha maandishi mengine. Nikasikia sauti yangu ikisema: ndiyo, mjane wake ana daftari.
Nimenunua daftari. Jioni nilimwuliza bibi kuhusu Kamituga, naye akaongea, mimi nikiandika, mpaka sosi jikoni ikaungua. Anasema marehemu alikosea: punje zilikuwa mbili. Nimesahihisha. Kwenye jalada nimeandika: Mushagalusa. Nikiweka jina langu, watataka nisimame tena kusimulia.
Mjane nimemwita Consolate. Yolande ameshaomba anwani yake.