Mkia Ulikuwa Sakafuni

Jumatatu, 3 Machi
Tangi la mafuta la ndege tunayojiundia limekamilika! Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi bati, amelichomelea miezi miwili humu gereji. Halivuji hata tone. Sasa kipimo cha mafuta. Yeye anataka boya, lielee na kusukuma mshale. Boya! Kama la tangi la choo! Mimi nataka kijiti cha kisasa cha umeme, kinasimama tu ndani ya tangi na kusoma mafuta, hakuna kinachocheza. Akasema boya analielewa. Nikamwambia sawa. Moyoni, thubutu.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kasafiri. Nimenunua kijiti, nimetoboa tangi upande wa mbele. Keekee imeteleza. Mikwaruzo miwili mirefu. Nimeifunika kwa stika iliyokuja na kijiti. Imependeza.

Alhamisi, 6 Machi
Tumejaza petroli lita moja moja, mke wangu akihesabu, mimi nikitia alama kwenye geji. Mshale unapanda kwa adabu. Mke wangu anasema safari ya kwanza atakaa pembeni yangu, ananiamini. Nimevimba kichwa, sikatai.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji karudi. Hakugomba. Alibandua stika, akapapasa mikwaruzo. Kisha akauliza, wakati napima, mkia wa ndege ulikuwa wapi. Sakafuni, nikasema, ungekuwa wapi? Akapunguza petroli mpaka mshale ukasoma robo. Akanyanyua mkia, akauweka juu ya meza, ndege ikalala sawa kama iko angani. Petroli ikakimbilia mbele. Mshale ukapanda hadi nusu. Na petroli ni ile ile!

Akasema taratibu kwamba ningekuwa huko juu nikidhani ninayo nusu, na dada yake pembeni yangu. Basi. Bora angenitukana. Nimeona haya mpaka chakula kimenishinda.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amemwaga petroli yote, ameosha tangi, ameziba tobo langu, ameweka boya. Nimemwomba radhi. Mke wangu naye nimemwomba. Nimewaapia wote wawili: tangi siligusi tena. Mke wangu amesema ataruka, ila kaka yake ndiye apime. Imeniuma. Nimeyataka mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Tangi tupu, mshale kwenye sifuri. Safi. Ila ule mkono wa boya, waya unaolibeba, ukiutazama vizuri kwenye mdomo wa tangi, ni mrefu kidogo. Shemeji kaenda kula. Nimeingiza koleo, nimeukunja kidogo tu. Kisha nikaukunja upande wa pili, kuurudisha. Mke wangu kapita, kauliza nafanya nini. Nikasema napangusa vumbi.

Tangi bado tupu. Mshale unasema limejaa.

Ile stika iko wapi?