Sura ya Restuta kwa Mkaa

Jumatatu, 10 Juni
Miezi saba sasa Restuta anauza chumvi mbele ya kibanda changu hapa Sogea, na bado ananiita fundi. Kila mtu ananiita fundi. Nataka yeye aniite Gwamaka.

Leo Boazi wa studio ya picha amempelekea picha yake ya rangi. Nyuma kamwekea maporomoko ya maji. Maporomoko, Tunduma! Restuta alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi hajawahi kunichekea hivyo. Basi nimeamua: nitamchora kwa mkaa, kwa mkono wangu. Mashine ya Boazi haijui kishimo kinachomtokea shavuni akipima chumvi. Nimeomba mkaa kwa Pendo, jirani anayepika chai na maandazi. Kanipa vipande vitatu, kasema vitakavyobaki nirudishe.

Jumanne, 11 Juni
Restuta kaenda Ivuna kufuata mzigo wa chumvi. Kurudi ni Alhamisi. Huko simu yake haipatikani. Meza yake imefunikwa turubai, na asubuhi nzima nimelitazama turubai.

Nimemchora kwa kumbukumbu. Pua nimeifuta mara tisa. Macho yalikuja yenyewe. Kuna msalaba wa kaburi la mzee mmoja unasubiri niuandike jina. Nimewaambia wenyewe rangi haijakauka. Misalaba yote ya mtaa huu naandika mimi, kwa herufi zangu ndefu zenye mikia. Watu wanazijua.

Jumatano, 12 Juni
Fremu nimeipaka rangi nyeusi ya misalaba, ndiyo niliyokuwa nayo. Chini nimeandika jina lake kwa herufi zangu bora. Nikataka kuongeza "Daima moyoni mwangu". Nikaona haya, nikaandika "Daima mioyoni mwetu". Imependeza.

Nikaipeleka kwao, hapakuwa na mtu. Nikaiegemeza mlangoni, nikaondoka haraka. Boazi kwisha habari yake.

Alhamisi, 13 Juni
Restuta amefariki.

Pendo kaniambia asubuhi. Habari ilifika kwao jana jioni, haijulikani aliyeileta. Wengine wanasema gari la chumvi limepinduka. Nimefunga kibanda, nikakaa chini sakafuni. Hakuwahi kuniita Gwamaka hata siku moja.

Mchana nilibeba kuni na debe la unga, nikaenda msibani. Kina mama wanasonga ugali, kwaya imeshafika. Mbele, juu ya kitambaa cheupe, picha yangu ya mkaa! Nilishukuru kwamba wameiheshimu. Nikalia kuliko shangazi zake, mpaka mtu akauliza mimi ni nani wa marehemu. Nikasema mimi ni fundi, na hilo likaniliza upya.

Shemasi Yonasi akaniomba niandike msalaba. Nikauandika pale pale, machozi yakidondokea rangi. Nilikuwa nimebakiza herufi ya mwisho fuso liliposimama, Restuta akateremka na magunia sita.

Mama yake akazimia. Shemasi akatazama herufi za msalaba, akatazama herufi za picha, kisha akanitazama mimi. Restuta akasoma jina lake na kuniuliza, fundi, hiki ni nini? Fundi! Hata hapo! Lakini yuko hai, na nilifurahi mpaka nikaangusha brashi. Nikatoroka kwa mlango wa uani.

Ijumaa, 14 Juni
Boazi anasimulia mtaa mzima. Sikufungua.

Jumamosi, 15 Juni
Restuta karudi mezani kwake. Picha kaiweka nyuma ya magunia, anasema pua ni yake kabisa. Halafu akaniuliza taratibu kama ni kweli nililia vile. Miezi saba nimeingoja nafasi hiyo. Nikajibu kwamba ni vumbi la mkaa liliniingia machoni.

Aliokota kipimo chake. Akasema haya, Gwamaka, akageuka kupima chumvi. Gwamaka. Kwa nini sikusema kweli? Nilikaa natazama mgongo wake mpaka akafunga meza.

Tatizo sasa ni mama yake. Hapokei salamu yangu, na wanasema presha inampanda akisikia jina langu. Nimeshapata namna ya kumwomba radhi. Jumatatu anakwenda Nanyala kwa dada yake. Nitamchora, tena mkubwa kuliko binti yake, nimwachie mlangoni. Mkaa umebaki kipande kimoja. Mbao za fremu nitakata kwenye ule msalaba wa Restuta.