Barua Tisa Kuhusu Nyonga Yangu

Jumatatu, 9 Septemba 1996

Siku tatu zimebaki. Alhamisi nalazwa hospitali ya misheni, Ijumaa daktari wa kizungu ananitoa nyonga ya kushoto na kuniwekea ya chuma. Anakuja mara moja kwa mwaka, anapasua watu sita, anarudi kwao. Binti yangu Amuge ameandika barua mwaka mzima mpaka jina langu likaingia. Nikikosa hii, ni kutambaa. Hata sasa, kutoka jikoni hadi chooni napumzika mara mbili.

Amuge hajui ninavyoogopa. Wala hajui kuhusu kadi. Mwezi jana nilituma kadi ya salamu redioni, kwa jina la Malkia wa Mpakani: nawasalimu wote waliowekewa nyonga au goti la chuma, popote walipo, waniandikie kupitia sanduku la posta la kanisa, waniambie ukweli. Ikasomwa! Leo katekista ameniletea barua tisa. Tisa! Nimezipitisha mbele ya mlango wa jirani yangu Anjeline, nikichechemea polepole ili ahesabu vizuri. Yeye pia nyonga inamuua. Lakini ni wa akiba, nambari saba. Anasema haogopi. Mwongo.

Jumanne, 10 Septemba

Heri nisingeuliza.

Wa kwanza, wa Marachi, anasema mwenye chuma mwilini asitoke nje mvua ikinyesha, radi inamjua. Huku kwetu! Mvua ya kila jioni! Wa pili anasema chuma kinashika kutu ukinywa uji wa wimbi. Wa tatu anasema uji wa wimbi ndio grisi yake. Wa nne hajapasuliwa, ni shemeji yake alipasuliwa, lakini yeye ndiye ana maneno mengi kuliko wote. Wa tano anauza mizizi. Wa sita anauliza kama nimeolewa.

Wa saba ni Lazarus wa Kocholia. Mstari mmoja tu: aliwekewa miaka mitatu iliyopita, sasa analima, niende. Basi! Hata hajanijulia hali. Mtu wa mstari mmoja anaficha kitu.

Wa nane karatasi imelowa, sijaona kitu. Wa tisa, mama wa Busia, kurasa tano. Huyu ndiye ameniondolea usingizi. Anasema hicho chuma ni mali ya Ulaya, na ati kuna mtu alishikwa akivuka mpaka na goti lisilo na karatasi. Mimi nikipona navuka tena kila asubuhi na beseni ya mandazi! Wakikitaka chuma chao, nitabaki nimesimama na nini?

Jumatano, 11 Septemba

Nina mpango! Karatasi kwanza, nyonga baadaye.

Nimejikokota hadi Malaba, kwa ajenti mmoja anayewajazia madereva wa malori karatasi za mizigo. Dirishani kuna karani, Okwara. Nikamuuliza kwa sauti ya chini mtu anaingizaje nyonga nchini. Akanitazama sana. Akauliza ni mpya ama ni mtumba, mama? Mpya! Akawaita wenzake. Mmoja akauliza ni ya kushoto ama ya kulia, maana za kulia zinapitia Busia. Wote wakashikwa na kikohozi, maskini, ni hilo vumbi la malori. Okwara akasema, uso mkavu kabisa, nirudi kesho saa nane, nipange foleni na malori, bosi mwenyewe atagonga muhuri.

Vijana wenye adabu kama hao sijaona.

Hospitali mwisho wa kupokelewa ni saa kumi. Muhuri saa nane, kitanda saa kumi. Amuge atatangulia na vitu. Nimemwambia naenda kuungama.

Alhamisi, 12 Septemba

Saa nane, nyuma ya lori la saruji. Saa tisa, nyuma ya lori lile lile. Dereva akanihurumia, akanipa ndoo nikalie. Saa kumi na nusu nikafika dirishani. Bosi akauliza mzigo gani. Nikasema nyonga. Akauliza uko wapi. Nikasema bado haujafungwa, unafungwa kesho.

Akamwita Okwara. Okwara hakukohoa tena. Aliniuliza, akitazama viatu vyake, kama kweli nimeshinda hapo kwa sababu ya maneno yake. Nafikiri fomu zilikuwa zimeisha, akaona haya kuniambia. Bosi alinipeleka hospitali kwa gari lake.

Amuge alikuwa kwenye ngazi za wodi. Blanketi, beseni, kanga mpya. Waliita jina langu mara tatu. Kisha wakaita nambari saba.

Akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alikaa tu, akajifunika uso na lile blanketi. Mungu wangu, heri angenigombeza.

Jumamosi, 14 Septemba

Daktari ameondoka. Sista anasema labda mwakani, kama atakuja, na orodha inaanza upya.

Anjeline amesimama leo! Kwa magongo, lakini amesimama. Ametuma salamu, na anaomba nimwazime zile barua azisome kitandani. Nimezilalia.

Amuge ananiosha miguu maana siwezi kuinama. Anaosha vizuri, hata katikati ya vidole.

Jumatano, 25 Septemba

Katekista ameleta barua nyingine! Mama mmoja wa Matayos, Akumu. Goti. Amepewa siku ya kupasuliwa, mwezi ujao, na anaogopa mpaka chakula hakishuki. Watoto wake hajawaambia. Anasema amesikia Malkia wa Mpakani anajua mambo haya yote, nimsaidie kama dada.

Nililia kidogo. Masikini, yuko peke yake kabisa.

Nimemwandikia kurasa sita. Radi. Uji wa wimbi, pande zote mbili. Na karatasi za goti azitafute siku ile ile ya kulazwa, ila awahi foleni asubuhi, asifanye kosa langu la kufika saa nane. Na asikubali daktari amharakishe. Daktari atajua nini? Yeye magoti yake yote mawili ni ya kuzaliwa nayo.