Mashine ya Gololi na Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Januari

Imewaka! Taa zote, kengele zote, hadi namba za kwenye kioo zikazunguka. Mashine ya gololi ya mapadre wa zamani, iliyolala stoo ya misheni kule Kaengesa tangu sijazaliwa. Unavuta springi, gololi ya chuma inapanda, inagonga huku na huku, nawe unaizuia isitumbukie. Nimeipata kwa kubadilishana na baiskeli yangu. Waliosema nimeliwa sasa wanyamaze.

Kulsumu, mwenye hoteli ya chai pale stendi, ana kona tupu. Anakuja Jumamosi kuiona. Ikimpendeza, kona ni yangu. Isipompendeza, anampa Raymond fundi redio aweke runinga ya mpira. Raymond! Mtu anayetembea na mita ya umeme mfukoni kama daktari wa wilaya.

Tatizo ni mke wangu Rhoda. Mashine imeingia chumba chake cha kushonea, cherehani imetoka kibarazani, na shule zinafunguliwa wiki ijayo. Sare za watoto wa watu zimejaa. Amesema Jumamosi mashine isipotoka, inakuwa banda la kuku, na neno "mradi" hataki kulisikia tena maishani. Nimemwambia awe na subira. Amesema subira aliimaliza kwenye mashine ya kuangua vifaranga. Ile iliyochemsha mayai.

Jumanne, 6 Januari

Mama mkwe ameingia kutoka Mwimbi kumsaidia mwanawe kushona vifungo. Kitanda chake kimewekwa chumba hichohicho, kati ya mashine na ukuta. Hakuna chumba kingine. Nimemwamkia nikiwa nje ya mlango, nimechuchumaa, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Kisha nikatoka haraka kwenda kwa Kulsumu kujisifu.

Mchana mawingu yakafunga. Radi ya kwetu haina utani. Nimerudi mvua imekatika, nimebonyeza swichi nikiwa nimenyoosha mkono tu toka mlangoni. Kimya. Hata taa moja!

Radi imeiunguza. Nimejua palepale. Rhoda akaanza kusema kwamba mama yake, wakati ule wa ngurumo, ali... Nikamkata. Nimesema sitaki mtu yeyote katika nyumba hii anifundishe umeme. Mimi nimekaa chuo cha ufundi mihula miwili. Rhoda akarudi kwenye sare zake. Ndivyo mke anavyotakiwa kusikia.

Jumatano, 7 Januari

Mama mkwe ameenda misa ya asubuhi. Nikaingia mbio na bisibisi.

Balbu ya chumbani inawaka. Kwa hiyo umeme upo, ugonjwa uko ndani ya mashine. Fyuzi inaonekana nzima, lakini fyuzi huwezi kuiamini. Nimeitoa, nimeweka waya wa shaba mnene. Haungui huo. Kimya bado.

Fundi mzuri hufuata waya wa umeme mpaka mwisho wake. Nimeufuata. Umepita kwenye kile kisanduku cha kupunguza umeme, kisha ukaingia chini ya kitanda cha mama mkwe, maana soketi iko ukutani nyuma yake. Hapo nikasimama. Nipapase chini ya kitanda cha mama mkwe? Shuka zake zile, kanga zake zile? Mungu apishe mbali! Ukoo mzima wa Mwimbi ungenitoza mbuzi mpaka wajukuu wangu wazeeke. Nikairuka hatua hiyo. Soketi ni mpya, nimeifunga mwenyewe.

Amerudi kabla sijamaliza. Nilikuwa nimezama ndani ya mashine hadi kiunoni, makalio nje. Nikaganda. Nikasikia akikohoa mlangoni, kisha akaenda kukaa jikoni. Aibu niliyoiona leo sijui nitaiosha kwa sabuni gani.

Alhamisi, 8 Januari

Nimesugua platini zote, vile vyuma vidogo vya kugusanisha umeme, kwa msasa. Ziko nyingi kuliko meno ya mamba. Mbili zimekatika, lakini zilionekana hazina kazi. Nyaya kadhaa nazo zilikuwa zinakaa bure. Nimezitoa.

Mgongo unauma. Macho yanauma.

Raymond amekuja bila kuitwa. Ameuliza kama nina hakika umeme unaifikia mashine. Nimecheka mpaka nikakohoa. Swali la mtoto wa chekechea! Nilipomkatalia kuingia na mita yake, akabadili wimbo: eti mashine imekufa kabisa, koili zimeoza, lakini kwa huruma yake anaweza kunisaidia kuiondoa akanipa jogoo. Nimemfukuza. Jogoo nilimfikiria baadaye kidogo, sikatai.

Ijumaa, 9 Januari

Mvua ya upepo. Imeingia kibarazani, imelowesha mashati meupe yote aliyomaliza Rhoda jana. Rangi ya sketi imevuja kwenye kola. Amekaa na shati mapajani na machozi yanamtoka tu. Nilijisikia vibaya, kweli kabisa, moyo uliniuma. Nikaona dawa ni moja: mashine iwake kesho, iondoke.

Mama mkwe ametuma salamu kupitia Rhoda. Anauliza kama baba, yaani mimi, anasubiri mawingu yaishe kabisa. Nimejibu kwamba namshukuru, ila mimi kazi yangu haitegemei mawingu. Rhoda akauliza kama ndiyo jibu analipeleka hivyohivyo. Nikasema hivyohivyo.

Mama alipotoka kuanika mashati, nimeunganisha nyaya moja kwa moja, bila kupitia swichi. Umeme ukija usipate pa kukwama. Bado kimya. Nimechoka mimi. Nimechoka.

Jumamosi, 10 Januari

Jua kali, anga safi. Kulsumu amefika na mtandio wake mzuri. Raymond amesimama nyuma yake, hakualikwa. Nimeanza kueleza kwamba mashine ya zamani huwa inahitaji kupumzika.

Mama mkwe alikuwa anafunga mizigo arudi Mwimbi. Tukampisha, mimi nikarudi nyuma kama heshima inavyotaka. Amekunja shuka, amesogeza kitanda, ameinama ukutani. Mtu mwenye adabu huacha nyumba ya mkwe kama alivyoikuta.

Amechomeka plagi.

Pwaa! Kengele zote kwa pamoja, kisha moshi, kisha cheche, kisha giza nyumba nzima. Mama mkwe alikimbia na mto kichwani. Kulsumu alisema innalillahi, akaziba pua, akamwambia Raymond alete runinga yake.

Nje nikamsikia mama mkwe akimweleza binti yake kwamba alichomoa siku ile ya radi, kama kila mtu wa Ufipa anavyofanya mawingu yakifunga. Ameshangaa siku zote hizo mkwe wake anatibu kitu kilicholala. Nimemuuliza Rhoda kwa nini hakuniambia. Akasema nilikataza. Akasema alijaribu mara mbili. Alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mpaka jioni mashine ilikuwa uani, cherehani ilisharudi ndani.

Jumapili, 11 Januari

Kuku wawili wameshaingia chini ya kioo cha mashine, wanaonekana wameridhika. Rhoda ameshona alfajiri akiimba. Nimemwomba msamaha, amenisamehe. Amesema kuanzia leo chumba kile ni chake, na nikitaka jambo lolote nimuulize kwanza. Nimekubali kwa moyo wote.

Nimekaa nimetafakari. Kosa sasa naliona wazi: nilikimbilia burudani, kumbe watu wanataka chakula. Kuna mtu Ilemba ana mashine ya kukaangia bisi. Haina ugonjwa wowote, ila haiwaki. Nimepima mlango wa Rhoda kwa kamba. Inaingia, cherehani ikisogea kidogo tu kibarazani.

Rhoda yuko kanisani. Jirani yangu Bundala ameahidi ng'ombe na mkokoteni. Nimemsihi awahi, tuondoke kabla misa haijatoka.