Suti ya London na Miche ya Kisauni

Leo nimeaibika, jamaa zangu. Na nimeaibika nikiwa nimevaa suti.

Nawaandikia upesi kabla hamjasikia kwa wengine, maana Kisauni nzima imekwisha jua, na kufikia kesho habari itakuwa Changamwe na Likoni, imeongezwa chumvi. Basi ipokeeni kwa mwenyewe.

Mnanijua. Mimi ndiye yule mtoto wa Kisauni aliyeosha sahani katika hoteli za London mpaka akajilipia masomo, akarudi na diploma ya maji na mifereji. Sikupelekwa na serikali wala na mjomba. Nilijipeleka. (Diploma imetundikwa sebuleni kwa mama, na mgeni hapewi kahawa mpaka aitazame.)

Sasa nafundisha chuo cha ufundi, hapa hapa nyumbani. Wanafunzi wangu wana chama chao cha miti. Wanaokota taka, wanaozesha majani makavu yawe mbolea, na nyuma ya mabweni wamechimba mashimo ya miche ya mwarobaini na mkungu. Chuo chetu kimekaa juani, hakina kivuli hata cha kuku. Wao wanasema Uhuru ukija usikikute chuo kina kipara.

Shida ni kwamba Bodi ya chuo ilikitaka kile kiwanja cha nyuma kiwe mahali pa kuegesha magari ya wakubwa. Mwenyekiti wa Bodi alikuwa aje leo Ijumaa, baada ya swala, akate shauri: miti au magari. Na alikwisha tuma neno kuwa maji ya bomba ni ya watu, si ya miti. Kama miti haina cha kunywa, ing'olewe.

Wanafunzi wakanijia nyumbani wamenuna. Aliyewaongoza ni Athmani, kijana wa Likoni, mwembamba, mwenye ulimi. Nikawanywesha kahawa (baada ya kuitazama diploma) nikawaambia waniachie mimi.

Karibu na chuo pana msikiti. Watu wanatawadha, na maji yote yanapotelea vichakani. Nikachora mfereji wa kuyachukua maji yale mpaka kwenye miche. Nilichora kwa wino wa rangi mbili. Imamu alifurahi, akatuombea dua. Wanafunzi wakachimba, mimi nikanyoosha kidole. Jumanne tukajaribu, na maji yakaja polepole, kwa adabu, yakaugusa kila mche.

Yalikuja kwa adabu mno. Nikawaza, mkubwa kama yule haonyeshwi maji yanayotembea kama bibi harusi! Anatakiwa ashtuke. Basi nikaamuru tuchimbe kibwawa pale mfereji unapoanzia, tukizibe kwa ubao, maji yajikusanye. Mwenyekiti akishasimama mbele yangu, niuinue ubao kwa mkono mmoja. Wanafunzi wakanipigia makofi.

Nililosahau, mimi ambaye babu yangu aliadhini katika msikiti ule ule, ni Ijumaa ni siku gani. Jumanne walitawadha wazee wachache na wanafunzi. Ijumaa inakuja Kisauni yote, na Ziwa la Ng'ombe, na mafundi wa mawe wa Bamburi wenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Kila mmoja anatawadha, na anatawadha vizuri. (Diploma haikunifundisha Ijumaa. Sikuhitaji kufundishwa!)

Tulipotoka kuswali nikakuta kibwawa kimejaa mpaka mdomoni. Nikafurahi kama mjinga. Athmani akaniuliza kwa upole mbona ubao umepinda. Nikamwambia mbao nzuri hupinda kidogo.

Mwenyekiti akaja. Kanzu nyeupe, koti jeusi, na gari refu linalong'aa hata ukaweza kujinyolea ndevu mbele yake. Dereva wake, Kitsao, alikwisha sikia kuwa kile kiwanja kitakuwa cha magari, basi hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja akasimama katikati ya miche. Nikawasikia wanafunzi wakivuta pumzi wote pamoja.

Mwenyekiti akashuka, akatazama kulia na kushoto. "Panafaa," akasema.

Nikakaza tai. Nikatoa hotuba. Nilisema kidogo juu ya miti na kidogo juu ya London. (Athmani anadai nilisema sana juu ya London.) Kisha nikamwomba atazame maji yasiyomgharimu mtu, nikauinua ubao.

Yale maji hayakuufuata mfereji. Mfereji una kona, na yalipofika kwenye kona hayakuona sababu ya kukunja. Yakaruka ukingo, yakaenda kulisalimu gari.

Na ile ardhi, kumbukeni, haikuwa ardhi. Ni mashimo yaliyofukiwa mchanga laini na samadi ambayo wanafunzi waliisukuma kwa mkokoteni kutoka kwa wafugaji wa Ziwa la Ng'ombe. Gari likaanza kuzama. Lilizama taratibu, nyuma kwanza, kama ngamia anayepiga magoti kinyume.

Mwenyekiti akayatazama magurudumu. Akanitazama mimi.

"Kijana," akasema, "gari hili lina safari."

Nikamwambia ni jambo dogo. Kitsao akashika usukani, wanafunzi wakakaa ubavuni wasukume, na mimi nikachagua pale nyuma kabisa, nyuma ya gurudumu lililozama, kwa kuwa ndipo panapohitaji elimu.

"Mwalimu, vua koti," Athmani akaninong'oneza.

"Koti hili limeona theluji," nikamjibu.

Kitsao akakanyaga mafuta. Wallahi, sikuona tena kitu. Samadi ya Ziwa la Ng'ombe ilinipanda kuanzia viatu hadi utosini. Nikafungua kinywa nimwambie asimame. (Msifungue kinywa.) Nikarudi nyuma hatua moja, kumbe nyuma yangu pana shimo la mkungu, lile kubwa kuliko yote, ambalo halijafukiwa bado. Nikaingia mpaka kifuani, nikakwama, mikono juu.

Hakuna aliyeniona. Wote walikuwa wanatia makuti chini ya magurudumu, na gari likatoka likiguna. Mwenyekiti akakung'uta kanzu yake, akageuka.

"Yuko wapi yule bwana wa diploma?"

Wanafunzi wakageuka huku na huku.

"Labeka," nikaitika.

Akanitafuta kwa macho palipo vichwa vya watu. Hakunipata. Athmani akanyoosha mkono kuelekea chini, kwa heshima zote.

"Huyo hapo, Bwana. Tumempanda."

Mwenyekiti alijizuia, nashuhudia. Midomo ilimtetemeka. Kisha akaegemea gari, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na Kitsao akacheka, na imamu ambaye alikuja kutazama akajifunika uso kwa kilemba. Hata mimi nilicheka, kwa kadiri shimo lilivyoniruhusu.

Alipofuta machozi akakitazama kile kiwanja na alama za magurudumu yake. "Gari moja tu limetaka kuzikwa hapa," akasema. "Yakija yote ya Bodi patakuwa makaburi. Pandeni miti yenu." Akaingia garini, akatoa kichwa dirishani. "Lakini huyu mng'oeni kwanza."

Walining'oa. Kelele za furaha mlizozisikia huko mliko, kama mlizisikia, ndizo hizo.

Imamu akanionyesha bomba la nje, lile ambalo maji yake nayo yanashukia kwenye mfereji wetu. Nikasimama chini yake na suti yangu yote. Wanafunzi walikwisha uziba ukingo uliobomoka. Maji yakanitoka ya kahawia, yakashuka mferejini, yakafika kwenye kona, yakakunja kwa adabu kama Jumanne. Athmani na wenzake wakawa wanakimbia kandokando yake wakipiga kelele kana kwamba ni mashindano, mpaka yalipoufikia mwarobaini wa kwanza, na wa pili, na wote. Kwa hiyo mbolea ya kwanza ya miti ile imetoka mwilini mwangu, na hilo halimo katika diploma ya mtu yeyote.

Mama ameianika suti uani, na kuku hawaondoki chini yake.

Msinicheke. Na atakayeshindwa kujizuia, aje Ijumaa na jembe, maana ile kona nataka kuinyoosha.